Maswali ya Wasomaji: Nani Atasema "Tuondoke"?

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na sababu haihitaji kutafutwa mbali: mvua ya masika inakaribia, na katika kanda hii yetu, kuanzia Budalangi hadi Naivasha, ni wachache wasiokumbuka usiku mmoja wa mvua walioupitisha wakiwa macho. Nimechagua barua nne. Waandishi wake hawajuani na shida zao si moja, ila nilipozisoma kwa mfululizo niliona kwamba zote zinauliza vitu vya kuandaa au kufanya, ilhali karibu zote zinasimulia, pasipo wenyewe kujua, jambo ambalo lilipaswa kuamuliwa mapema na halikuamuliwa.

*Mwalimu, pokea salamu. Ninaishi uwanda wa Kano, si mbali na Ahero, pamoja na watoto watatu na mama mkwe wangu, ambaye ana presha na hutembea kwa mkongojo. Mume wangu hufanya kazi Nakuru na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mto ulipofurika mwaka wa 2024 nilimpigia simu mara nne aniambie kama tuondoke, asipatikane, na tulipotoka hatimaye maji yalikuwa yamefika magotini. Mama mkwe alikataa kabisa kutoka mpaka vijana wa jirani walipombeba. Niandae nini ili yasitukute tena? — Mama wa Watatu, Ahero*

Mama wa Watatu, kabla ya kufikia cha kubeba, naomba tuanze na zile simu nne. Maji yalikuwa Ahero, na uamuzi ulikuwa Nakuru. Simlaumu mume wako, kwa maana pengine alikuwa kazini au simu ilikosa chaji, wala sikulaumu wewe, kwa kuwa mwanamke anayehama boma bila kauli ya mwenyewe huulizwa maswali mengi mambo yakitulia. Lakini ruhusa ya namna hiyo huombwa siku ya jua. Atakapokuja mwisho wa mwezi huu, keti naye, mama mkwe akiwepo na akisikia, mkubaliane kwamba ishara fulani ikionekana utaondoka na watoto na mama, naye atapewa habari mkiwa mmeshafika mnakokwenda.

Ishara yenyewe isiwe mvua. Mto Nyando hupata maji yake kutoka vilima vya Nandi, na ndiyo maana mtu wa Ahero anaweza kulala chini ya nyota na kuamka kitanda kikiwa kimezungukwa na maji ambayo tone lake moja halikuangukia paa lake. Kama mna ndugu au rafiki upande wa Muhoroni, mwombeni awapigie simu kila mto unapobadilika rangi na kuanza kubeba matawi na mabua, na mtafute mtu wa pili wa kuwapigia ikiwa huyo wa kwanza amelala. Kisha, mkishirikiana na majirani, chagueni mti imara au nguzo iliyo kando ya maji, mtie mstari wa rangi ile ya kupaka mabati, mahali ambapo maji yakifika bado njia ya kutokea itakuwa kavu. Mstari huo una faida moja kubwa, nayo ni kwamba hauna huruma: haubishani na mtu, hausemi "tungoje kidogo tuone". Maji yakiugusa, mnaondoka, hata kama ni saa nane za usiku.

Usiku nautaja kwa makusudi. Bwawa lililopasuka Solai tarehe 9 Mei 2018 liliwakuta watu gizani, na maji yaliyosomba nyumba Mai Mahiu tarehe 29 Aprili 2024 yalifika kabla ya kupambazuka. Kwa hiyo siku ambazo Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga imetoa tahadhari, au mpiga simu wenu wa Muhoroni ameshasema neno, watoto walale wakiwa wamevaa nguo za kutembelea, viatu viwe mlangoni, na mtu mzima mmoja abaki macho kwa zamu na jirani.

Kuhusu njia, ipite kwa miguu mchana pamoja na watoto hadi mahali mtakapokimbilia, liwe kanisa au shule iliyo juu zaidi, ukichunguza kama kuna kalavati au kijito cha kuvuka, kwa sababu daraja dogo la miti ambalo watoto hulipita kila siku ndilo la kwanza kuchukuliwa. Ikiwa njia fupi ina kijito na njia ndefu haina, yenu ni ile ndefu. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kulifanya gari dogo lielee na kulisogeza. Yale ya magotini mliyoyapita mwaka ule na mkatoka salama yasiwe kipimo chenu.

Mama mkwe ni suala la pekee, na sidhani atashindwa kwa hoja. Wazee wengi ninaowafahamu hawang'ang'anii kuta. Wanang'ang'ania ng'ombe, kuku, na makaburi ya watu wao. Makaburi hayahamishiki, ila mifugo inahamishika, nayo ihame siku mbili tatu kabla ya watu, ikapelekwe kwa jamaa aliye juu kidogo. Mpe mama mkwe kazi ya kwenda kuiangalia huko. Mzee hufuata mifugo yake kwa wepesi kuliko anavyofuata mawaidha ya mke wa mwanawe, na utakuwa umemwondoa kwa heshima, bila kubebwa begani kama gunia mbele ya wajukuu.

Sasa mkoba. Uwe mmoja, mwepesi, uning'inie kwenye msumari karibu na mlango na wala usiwe uvunguni mwa kitanda, mahali ambapo maji huingia kwanza. Ndani yake weka dawa za presha za mama zitakazotosha wiki mbili, pamoja na kile kikaratasi cha hospitali chenye majina na vipimo vya dawa hizo, blanketi moja, tochi, na chakula kisichohitaji moto kama njugu na biskuti. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba na vyeti vya shule vitie ndani ya mkebe wa kasuku, ule wa mafuta ya kupikia wa kilo 2, uliooshwa kwa sabuni ukakaushwa juani. Kunja karatasi kwa mviringo kufuata ukuta wa mkebe, kaza kifuniko, zungushia utepe wa gundi. Ukianguka majini utaelea. Kila karatasi pia ipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa baba watoto huko Nakuru, ambaye hapo atakuwa na kazi yenye manufaa kuliko kungojewa atoe ruhusa.

Mtakaporudi, msiwe na haraka ya kulala ndani. Ukuta wa udongo uliokunywa maji huweza kusimama wakati wa mafuriko yenyewe kisha ukaporomoka siku ya pili ya jua, kila mtu akidhani hatari imepita. Ingieni kwanza na fimbo ndefu, mkigonga chini ya vitanda na nyuma ya magunia, maana nyoka nao walikuwa wakikimbia maji. Ikiwa nyumba ina stima na maji yalifika kwenye soketi, mtu asiguse swichi kuu hadi fundi aje. Kisima kilichofunikwa na maji yaliyopitia vyooni ni kisima kichafu, hata maji yake yakionekana maangavu. Chemsheni ya kunywa hadi yatokote, au tieni dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kungoja nusu saa. Mtoto akianza kuharisha, mchanganyie lita 1 ya maji salama na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda zahanati. Nasema mkiwa njiani, kwa kuwa kipindupindu hakingoji kesho.

*Bwana Mwalimu, mke wangu amesoma mtandaoni kwamba kila familia iwe na mkoba wa dharura, na orodha aliyoniletea inafika shilingi 15,000. Sisi ni watano, tunaishi Kisumu mjini, nyumba ni ya mawe na ziwa liko mbali nasi. Je, huu si ubadhirifu? — Baba Mwenye Shaka, Kisumu*

Baba, katika orodha hiyo mke wako amekosea bei, ila kwenye jambo lenyewe hajakosea. Vitu vingi vinavyotajwa humo mnavyo, isipokuwa vimetawanyika nyumbani kiasi kwamba hakuna awezaye kuvikusanya kwa dakika tano.

Anza na maji, ambayo karibu hayana gharama. Mtu mmoja huhitaji takriban lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia. Ninyi watano, kwa siku tatu, ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20 ambayo bila shaka iko jikoni ikiwa mitupu. Ijazeni leo, mifuniko ikazwe, na kila baada ya wiki chache maji hayo yafulie nguo na kujazwa mengine. Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika na bado tunajua siku ambazo bomba hutoa upepo mtupu.

Pili ni pesa. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, ikakaa saa nyingi kabla ya kurudi, na usiku huo wako waliogundua kwamba utajiri wao wote ulikuwa ndani ya simu iliyobakiwa na chaji ya kufikia tu kitandani. M-Pesa ni nzuri mpaka simu izime, au mlingoti wa mtandao ulio karibu uishiwe nguvu. Wekeni noti za shilingi 50, 100 na 200, si za 1,000, kwa sababu gizani hakuna mwenye duka atakayekupa chenji. Kiasi chake kiwe kile kinachoweza kuwafikisha watano hospitalini kwa boda boda au teksi, na mke na mume wote wajue zilipo na wote waape kutozigusa kwa ajili ya mkate wa asubuhi. (Kiapo hiki, kwangu, kimevunjwa mara mbili. Mvunjaji ndiye anayeandika safu hii.)

Tatu ni jaribio ambalo halitakugharimu hata senti moja. Usiku wa leo, baada ya chakula, kusanya simu zote ziwekwe kabatini, halafu mwombe kila mmoja ataje kwa kichwa nambari ya simu ya mtu mmoja asiyeishi humo ndani. Nilipofanya hivyo nyumbani kwangu, mke wangu alikumbuka ya dada yake, mwanangu wa darasa la sita akakumbuka ya mama yake ambaye alikuwa ameketi naye hapo hapo, na mimi nikakumbuka nambari ya ofisi niliyoiacha zamani. Tukaandika nambari saba kwenye kadi, moja ya kila mtoto kwenye begi la shule na moja ukutani. Tuliongeza 999 na 112 za polisi na huduma za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Usiku huo huo nilichukua tochi yetu ya dharura, ambayo nilikuwa nikijivunia. Haikuwaka. Nilipoifungua, betri zilikuwa zimevuja, zimeganda ndani kwa ukungu mweupe, na springi imeota kutu ya kijani. Nilikuwa nimeifungia tochi hiyo na betri zake kwa miaka miwili bila kuitazama. Betri zikae nje ya tochi, zifungwe kando yake kwa mpira, na tarehe ya kuzikagua iandikwe kwenye kalenda. Ukishafanya haya, bakisha katika zile shilingi 15,000 zako kiasi cha kununulia bendeji na tochi moja ya jua, nyingine zirudi mfukoni, na umshukuru mke wako.

*Mwalimu, mimi ni mpangaji Kaptembwo, Nakuru. Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili, na geti hufungwa saa nne usiku, ufunguo ukibaki kwa mlinzi ambaye wakati mwingine hayupo. Madirisha yote yana vyuma. Ninapikia gesi ndani ya chumba hicho hicho ninacholala na mwanangu wa miaka minne, na Julai baridi ikizidi huingiza jiko la makaa. Nikitoka asubuhi kuchota maji humfungia mtoto kwa nje. Je, ninunue kizima moto cha aina gani? — Mpangaji, Nakuru*

Dada yangu, barua yako imeninyima usingizi, na nitakujibu bila kuzunguka. Kizima moto ni kizuri, ukipata cha unga mkavu kitakufaa, lakini ukinunua vitano na kufuli zikabaki kama zilivyo, hakuna kitakachokuwa kimebadilika.

Usimfungie mtoto kwa nje. Najua ni kwa nini unafanya hivyo, na najua mtaa wenye watu wengi una hofu zake, lakini mtoto wa miaka minne aliyefungiwa pamoja na mtungi wa gesi, nyaya za stima na madirisha ya vyuma hana njia hata moja ya kujiokoa, na jirani atakayesikia kilio chake atapoteza dakika akitafuta jiwe la kuvunjia kufuli. Nenda naye kwenye maji, au mwachie jirani unayemwamini na wewe umchotee mtungi mmoja kama shukrani. Usiku, unapojifungia kwa ndani, ufunguo uwe kwenye msumari ule ule kila siku, karibu na mlango, kwa urefu ambao mkono wako unaufikia ukiwa umepiga magoti, kwani moshi hupanda juu na hewa ya kupumulia hubaki chini. Ila uwe mbali na dirisha, mkono wa mwizi usiufikie. Jizoeze kuupata ukiwa umefumba macho.

Suala la geti si lako peke yako, na ukilipeleka peke yako utaambiwa uhame. Nendeni wapangaji wote kwa mwenye ploti, au angalau saba wenye sauti, mkadai ufunguo wa pili ukae ndani ya ploti kwa mpangaji asiyesafiri, au wa tatu ndani ya kisanduku chenye kioo cha kuvunjwa. Muulizane pia kama gari la zimamoto linaweza kupita kwenye uchochoro wenu. Kama haliwezi, basi ndoo za mchanga na mapipa ya maji uani ndiyo zimamoto yenu ya dakika kumi za kwanza.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda, ambapo mtoto hucheza. Mtungi ukae karibu na mlango, wima. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye mpira. Povu likitoa mapovu mapya, kuna uvujaji. Ukinusa harufu ya gesi, usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, kwa kuwa cheche moja inatosha. Funga gesi kwenye mtungi, fungua mlango, toka na mtoto, na uwaonye majirani wasiwashe kiberiti. Mafuta yakishika moto sufuriani, zima gesi na ufunike kwa kifuniko. Maji hayamwagwi kwenye mafuta yanayowaka, kamwe, kwani moto huruka hadi darini.

Jiko la makaa libaki nje. Baridi ya Nakuru naijua, ya Molo naijua zaidi, lakini makaa yanayoonekana yametulia, mekundu, hayana moshi, ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta akiwa usingizini hazinduki kuifungulia dirisha. Pasheni maji, yatieni kwenye chupa ya mpira, mlale nayo.

Na kama mtu ataungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20 kamili, kwa jagi ikiwa hakuna bomba. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia viache kwenye rafu. Daktari atalazimika kuvikwangua kutoka kwenye ngozi iliyokwisha kuumia.

*Mwalimu, shuleni kwetu tumeambiwa Kakamega hupigwa na radi nyingi. Nyanya hufunika vioo vyote mvua ikianza na hutukataza kuvaa nguo nyekundu. Je, inasaidia? — Mwanafunzi, Kakamega*

Mjukuu wa nyanya, vioo havivuti radi, wala rangi ya nguo haiijui. Hata hivyo msaidie kuvifunika, kwa kuwa anayefunika vioo yuko ndani ya nyumba, na kuwa ndani ndiko kunakosaidia. Chomoa televisheni na chaja kutoka ukutani, usiegemee ukuta wala kushika bomba, na usisimame mlangoni kutazama.

Hatari yenu kubwa ni uwanja wa mpira na mwembe ulio kando yake. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita 1. Ikiwa hesabu haifiki 30, mchezo usimame, hata kama mnaongoza bao moja, na muingie darasani, si chini ya mti. Msitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kwa hiyo mguse mara moja bila hofu. Kama hapumui, mmoja wenu akimbie kumwita mwalimu na kupiga simu, na mwingine aweke viganja viwili katikati ya kifua chake akandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wengine wakipokezana naye anapochoka. Amueni leo, kabla ya mechi ya Ijumaa, nani atakimbia na nani atakandamiza.